Jioni tatu kwa kitenzi kimoja: tathmini ya darasa la Kiingereza la jioni jijini Mbeya

Mwezi Mei mwaka huu nilijiandikisha katika darasa la Kiingereza la watu wazima linaloendeshwa nyakati za jioni hapa jijini Mbeya, katika chumba kimoja nyuma ya safu ya maduka ya vifaa vya ujenzi, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka Kabwe. Ada yake ni shilingi 60,000 kwa wiki nane, jioni tatu kila wiki, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili na nusu usiku. Mlangoni hakuna bango. Mgeni huelekezwa na mama anayeuza maandazi kwenye kona, na wengi wetu tulifika kwa kuambiwa na ndugu au jirani aliyewahi kusoma hapo. Nimemaliza wiki zote nane bila kukosa jioni hata moja, na kwa kuwa watu kadhaa wameniuliza kama fedha hiyo inastahili kutolewa, nimeona ni vyema niandike kwa kirefu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nafundisha Hisabati na Sayansi kwa Kiswahili, na kila mwaka nawaaga watoto wanaokwenda sekondari, ambako masomo hayo hayo watayakuta kwa Kiingereza. Wakirudi likizo ya kwanza hupita kunisalimia, nami huwauliza masomo yanakwendaje. Karibu wote hujibu kwamba wanaelewa. Nikimwomba mmoja anieleze kwa maneno yake jinsi mmea unavyojitengenezea chakula, jambo ambalo alilijua vizuri alipokuwa kwangu, huanza kutaja maneno ya Kiingereza moja baada ya jingine, kisha hunyamaza na kutazama chini. Nimeliona hilo kwa miaka mingi na linaniuma. Kwa hiyo niliposikia kwamba lipo darasa ambalo mwalimu wake hutumia jioni tatu nzima kwa kitenzi kimoja tu, na kwamba kitenzi chenyewe ni “understand”, sikuhitaji kushawishiwa. Wapo walionionya kwamba huo ni upotevu wa muda na wa fedha. Naona walikosea, na sehemu kubwa ya tathmini hii itahusu jioni hizo tatu, kwa sababu ndizo zilizonionyesha thamani ya huduma yote.

Zilikuja katika wiki ya pili. Tulikuwa 18 darasani, wazee kwa vijana: wauguzi wawili, vijana waliomaliza kidato cha nne, mafundi, wafanyabiashara, na baba mmoja anayeendesha lori la mizigo kwenda Zambia kupitia Tunduma. Mwalimu wetu, mama mstaafu aliyefundisha sekondari kwa muda mrefu, alitugawia karatasi yenye maelezo ya matumizi ya dawa ya ukungu wa viazi, yaliyonakiliwa kama yalivyoandikwa kwenye pakiti. Aliyasoma mara mbili kwa Kiingereza, polepole, kisha akauliza, “Do you understand?” Tuliitikia kwa pamoja, “Yes, Mwalimu.” Akamgeukia mmoja wetu anayenunua viazi Umalila na kuviuza Mwanjelwa, akamuuliza kwa Kiswahili, “Kaka, ukipulizia dawa hii leo, unaruhusiwa kuchimba viazi lini?” Yule kaka aliitazama karatasi, akatutazama sisi, akasema, “Samahani Mwalimu, niliitikia kwa sababu wenzangu wameitikia.” Hakuna aliyemcheka, kwa kuwa sote tulikuwa vivyo hivyo.

Ndipo yule baba dereva akaomba kusema. Alitueleza kwamba jibu hilo hilo liliwahi kumpotezea siku mbili kwenye ghala moja nje ya nchi: aliambiwa jambo kuhusu geti na muda, akajibu “yes”, akapanga foleni kwenye geti lisilo lake hadi jua likazama, na kesho yake akaanza upya mkiani. “Mwalimu,” alisema, “ile yes ni adabu tu. Mkubwa akikuuliza kama umeelewa, utamjibuje hapana?” Nimefundisha miaka mingi na sijawahi kusikia tatizo la madarasa yetu likielezwa vizuri kuliko hivyo. Mtoto wa huku hulelewa kutomwambia mkubwa “hapana” usoni, na swali “mmeelewa?” hulichukua kama salamu inayongoja kiitikio chake. Mwalimu hakumpinga. Alitumia muda wote uliobaki kutufundisha kukataa kwa adabu kwa Kiingereza: kusema kwamba sijaelewa, kuomba mtu arudie, kuomba aseme kwa maneno mengine, na kurudia kwa maneno yangu nilichosikia ili anisahihishe. Tulifanya mazoezi wawili wawili, mmoja akiwa bosi na mwingine mfanyakazi, mpaka maneno yakakaa mdomoni. Tulitoka bila kuandika hata ukurasa mmoja, na hiyo ndiyo iliyowaudhi wawili kati yetu, ambao hawakurudi tena.

Jioni ya pili ilianza kwa neno ambalo hakuna mtu wa Mbeya asiyelijua. Mwalimu aliandika ubaoni “stendi”, akauliza ni mahali gani. Tulijibu kwamba ni mahali mabasi yanaposimama. Akaandika “stesheni” chini yake, kwa ajili ya treni ya TAZARA, akatuonyesha kwamba maneno haya mawili tuliyoyapokea kutoka kwa Waingereza ni watu wa ukoo mmoja waliopitia milango tofauti. La kwanza ni kitenzi chao cha asili, “stand”, kusimama, walichorithi pamoja na Wajerumani na Waholanzi. La pili lilitoka kwa Warumi, ambao kwa Kilatini walisema “stare”, kusimama, na “statio”, kisimamo. Likapitia Kifaransa ndipo likafika Uingereza. Hata kile kipande cha mwisho cha majina kama Pakistan na Afghanistan, ambacho kwa Kiajemi humaanisha mahali au nchi, kimetoka kwenye mzizi huo huo wa kale. Kisha akaandika “understand” na kukata mstari katikati. “Stendi yenu hiyo hapo ndani,” alisema. “Sasa niambieni, mtu anayeelewa amesimama wapi?”

Jibu la haraka lilikuwa kwamba amesimama chini, kwa kuwa “under” tumeizoea kwa maana ya chini. Kijana mmoja aliongeza maelezo ambayo nimewahi kuyasikia hata mimbarini, kwamba mwanafunzi husimama chini ya mwalimu kwa unyenyekevu na ndipo hupata maarifa. Ni maelezo yanayopendeza masikioni, lakini Mwalimu aliyakataa, na namna alivyoyakataa ndiyo iliyonifanya niheshimu kazi yake. Hakutuambia tu kwamba si kweli. Alitupa ushahidi tuupime wenyewe.

Alianza na kitenzi jirani, “withstand”, kustahimili au kukabili. Leo “with” ni pamoja na, na kwa maana hiyo kitenzi kingepaswa kumaanisha kusimama pamoja na mtu, jambo ambalo ni kinyume kabisa cha maana yake. Ukweli ni kwamba katika Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, “with” ilimaanisha dhidi ya. Maana hiyo ilihama katika lugha ya kila siku, lakini imebaki imejifungia ndani ya kitenzi. Vivyo hivyo “under” ya zamani ilikuwa pana kuliko hii yetu. Pamoja na maana ya chini, ilibeba pia maana ya kati ya au miongoni mwa, na Kijerumani cha leo bado kinaitumia “unter” kwa maana zote mbili. Waingereza wa kale walikuwa na kitenzi “undersecan”, ambacho ukikitafsiri kipande kwa kipande utapata kutafuta chini, lakini maana yake ilikuwa kuchunguza. Wajerumani wanacho hadi leo, “untersuchen”, chenye maana hiyo hiyo. Anayechunguza hatafuti chini ya kitu. Huingia kati yake. Kwa hiyo maelezo ambayo wataalamu wengi wanayakubali ni kwamba “understandan”, kama kilivyoandikwa zamani, kilikuwa kusimama katikati ya mambo, au karibu nayo kabisa, kiasi cha kuyaona yalivyo.

Niliporudi nyumbani usiku ule nililala na picha hiyo. Anayeelewa ameingia jikoni. Hakubaki sebuleni akinusa harufu.

Mwalimu alituonyesha pia kwamba Waingereza hawako peke yao katika kusimama. Wajerumani husema “verstehen” na Waholanzi “verstaan”, na ndani ya vitenzi vyote viwili kuna kusimama, ingawa kiambishi cha mbele ni kingine. Wagiriki wa kale walisema “epistamai”, ambacho kipande kwa kipande ni kusimama juu ya kitu, na humo ndimo lilimotoka neno lao la elimu. Mmoja anasimama kati, mwingine juu, na wote wamefika mahali pamoja. Sehemu hii aliipitia haraka, na ilitosha.

Alipokaa zaidi ni kwenye historia, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa kuwa ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikutarajia kulipata katika darasa la shilingi 60,000. Alfred, mfalme wa Wessex, kusini mwa Uingereza, aliyetawala kuanzia mwaka 871 hadi 899, aliwaandikia maaskofu wake barua ambayo nakala yake ipo hadi leo mjini Oxford. Ndani yake analalamika kwamba elimu imeporomoka katika nchi yake, hata wakawa wachache sana upande wa kusini wa mto Humber walioweza kuelewa ibada zao kwa Kiingereza, au kutafsiri barua moja kutoka Kilatini. Neno analolitumia kwa kuelewa ni hili hili, “understandan”. Kwa hiyo katika moja ya maandishi mashuhuri kabisa ya Kiingereza cha kale, kitenzi hiki kimetumika kueleza tatizo la watu kusoma kwa lugha ya kigeni maneno yasiyowaingia. Dawa aliyoiagiza Alfred ilikuwa kutafsiri vitabu muhimu katika lugha ambayo watu wote waliifahamu, na kuwafundisha vijana kusoma lugha hiyo kwanza, kisha Kilatini kwa wale watakaoendelea.

Baada ya mwaka 1066 wakubwa wa Uingereza walizungumza Kifaransa, na mahakamani pia. Ilichukua karibu miaka 300 hadi sheria ya mwaka 1362, chini ya mfalme Edward wa Tatu, ilipoamuru mashauri yasikilizwe kwa Kiingereza, kwa sababu mshtaki na mshtakiwa hawakuwa na ufahamu wa kile kilichosemwa kwa niaba yao au dhidi yao. Sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Na mwaka 1571 Kanisa la Uingereza lilipokamilisha ibara zake 39 za imani, ibara ya 24 ilikataza sala na sakramenti kuendeshwa kwa lugha ambayo watu hawaielewi. Ibara hiyo inatumia umbo “understanded”, ambalo kijana wa kidato cha pili akiliandika leo hupigwa mstari mwekundu. Mara tatu, basi, katika miaka 700, Waingereza walisimama na kusema kwamba watu wao wanatendewa mambo kwa lugha wasiyoielewa.

Nilimuuliza Mwalimu kwa nini alitueleza yote hayo. Alinijibu kwamba wengi wetu hudhani Kiingereza kilishuka kutoka mbinguni kikiwa lugha ya elimu na sheria, na kwamba anayedhani hivyo hujilaumu anaposhindwa kukielewa. Alitukumbusha kwamba ni mwaka 2021 tu ambapo Bunge letu lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Yule baba dereva alitikisa kichwa kwa muda mrefu.

Jioni ya tatu ndiyo iliyonigusa zaidi kama mwalimu, kwa kuwa tulirudi nyumbani, kwenye Kiswahili. Swali lilikuwa hili: Mwingereza anayeelewa husimama, je, Mswahili hufanya nini? Tulianza kutaja maneno. Fahamu, ambalo tulilipata kwa Waarabu. Sikia, kama mzazi anapouliza “umenisikia?” na kumaanisha zaidi ya masikio, na ndipo tunaposema watu wawili wanasikilizana. Pata, kama rafiki anapouliza simuni “unanipata?” Tuko pamoja, ambayo kila mhubiri na kila mwalimu wa Tanzania huitumia. Hatimaye likaja lenyewe, elewa, na dada mmoja aliyezaliwa Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, akauliza kama lina undugu na elea, kitendo cha mtumbwi majini.

Mwalimu alimwomba atueleze mtumbwi unavyoelea. Dada yule alisema kwamba kwao mtumbwi mpya ukishushwa ziwani wazee hawaulizi ulichongwa na nani wala kwa mti gani, huutazama tu. Uliochongwa vibaya huinama upande mmoja na kuchota maji. Uliochongwa vizuri hukaa sawa, na mtu aliye ufukweni huuona wote, kuanzia omo hadi tezi. Mwalimu akaandika chini ya maelezo yake: elea, elewa, eleza, eleweka, maelezo, maelewano. Akatukumbusha kwamba katika Kiswahili cha wazee jambo humwelea mtu, yaani humkalia wazi, na ndiyo maana husikia mtu akisema “habari hiyo imenielea”. Elewa ni umbo la kutendewa la kitenzi hicho. Mwenye kuelewa, kwa sarufi yetu, hatendi. Jambo ndilo linalokuja na kuelea mbele yake. Na eleza ni kufanya kitu kielee.

Nilikaa nikalitafakari hilo huku wenzangu wakiendelea kuandika. Mwingereza aliyeshindwa kuelewa, kwa mujibu wa kitenzi chake, hakusimama mahali panapofaa, na anaweza kulaumiwa yeye mwenyewe. Lakini kwa mujibu wa kitenzi chetu, mtoto ambaye jambo halikumwelea anayo haki ya kumtazama mwelezaji na kuuliza kama aliliweka majini sawasawa. Ukiona vyaelea, vimeundwa; na visipoelea, muundaji ndiye wa kwanza kuulizwa. Kwa miaka mingi nimewauliza watoto “mmeelewa?” na kuhesabu jibu lao kuwa la kwao. Tangu jioni ile nimeacha kuuliza swali hilo darasani kwangu, na badala yake namwita mtoto mmoja amweleze mwenzake.

Ipo pia faida ya moja kwa moja kwa wanaotaka kusahihisha Kiingereza chao, na Mwalimu hakuisahau. Kwa kuwa sisi husema “nimeelewa” kwa hali tuliyo nayo sasa hivi, ulimi hutuvuta kusema “I have understood” pale ambapo Mwingereza husema “I understand” tu. Wengine hufuata “ninaelewa” na kusema “I am understanding”, umbo ambalo Kiingereza sanifu hulikwepa, kwa kuwa kuelewa huhesabiwa kuwa hali, sawa na kujua au kupenda. Wakati uliopita ni “understood”, na ile n ya kati hutoweka kama inavyotoweka kwenye “stood”. Tuliambiwa pia kwamba Mwingereza akisema “I understand you have moved”, haulizi kuhusu akili ya mtu. Anasema “nasikia umehama”. Na kama vile sisi tulivyotoa maelewano katika kuelewa, wao hutoa “understanding” kwa maana ya mapatano, na hiyo ndiyo iliyomo katika hati za makubaliano zinazosainiwa na taasisi. Muuguzi mmoja aliyekaa karibu nami alisema amesaini hati za namna hiyo na alidhani neno lile lilimaanisha kwamba amesoma na kuelewa. Kwa swali la kwa nini Kiingereza kina pia “comprehend”, jibu lilikuwa fupi: hilo lina asili ya Kilatini, na ndani yake kuna kukamata kwa mkono, kama sisi tunavyosema mtoto ameshika somo.

Wiki zilizofuata zilishughulikia “get”, “take”, “put” na vitenzi vingine vya kila siku kwa mtindo huo huo, ingawa kwa muda mfupi zaidi. “Get” ilipata jioni moja nzuri sana, kwa kuwa inakwenda sambamba na pata yetu katika mambo mengi, na kwa kuwa tulielezwa kwamba Waingereza waliichukua kwa watu wa Skandinavia waliohamia kwao kuanzia karne ya 9. Nyingine zilikuwa za kawaida, na mbili au tatu sikumbuki vizuri zilihusu nini.

Sasa niseme kasoro, kwa kuwa zipo na mwenye kutoa fedha anastahili kuzijua. Karatasi tunazogawiwa ni kopi ya kopi ya kopi. Baadhi ya mistari haisomeki, hasa maneno ya Kiingereza cha kale ambayo mtu hawezi kuyabahatisha. Karatasi ya ile jioni ya pili inaandika asili ya “understand” kama jambo lililokwisha kuamuliwa, wakati Mwalimu mwenyewe alitueleza kwa mdomo kwamba wapo wataalamu wanaoshikilia kuwa “under” hiyo ni ile ile moja iliyokuwa na maana nyingi, ikiwemo mbele ya na karibu na, bila haja ya kuitenga na ile ya chini. Mtu atakayekosa jioni hiyo na kutegemea karatasi atajua nusu. Kazi za nyumbani husahihishwa kwa uangalifu mkubwa lakini hurudi zimechelewa, mara nyingine baada ya wiki mbili, na kufikia hapo mtu amekwisha kusahau alichokusudia.

Kasoro kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kwamba mazoezi ya kuzungumza hayatoshi. Jioni ile ya kwanza, tulipoigiza bosi na mfanyakazi, ilituonyesha jinsi tunavyoweza kuendelea haraka tukipewa nafasi, lakini haikurudiwa kwa kiwango hicho mpaka wiki ya saba. Kwa watu wanaokwenda kukutana na wageni, wateja na maofisa, hilo ni pengo. Namshauri Mwalimu, kwa heshima zote, apunguze jioni moja ya historia na kuigeuza kuwa ya mazungumzo. Nalisema hili ingawa historia ndiyo iliyonifurahisha mimi zaidi ya yeyote.

Darasa hili pia halimfai kila mtu. Kijana anayejiandaa kurudia mtihani wa kidato cha nne hatapata hapa maswali ya mitihani iliyopita wala mbinu za kuyajibu, na vijana wawili walioingia kwa matumaini hayo walisononeka. Mtu anayetaka orodha ya maneno ya kukariri aende kwingine. Niliwahi kusoma katika kozi moja ya namna hiyo, ambayo sitaitaja, tukapewa maneno 20 kila siku na tafsiri zake kando. Baada ya mwezi mmoja niliweza kuyataja mengi na sikuweza kuyatumia hata nusu. “Understand” lilikuwa la siku ya kwanza, na kando yake paliandikwa “elewa”, basi.

Linamfaa nani? Linamfaa mtu mzima mwenye Kiingereza cha kuokotaokota ambaye amechoka kuitikia mambo asiyoyajua. Linawafaa zaidi walimu wenzangu, wa msingi na wa sekondari, na ningependa kuona kila shule ikimtuma japo mmoja. Kwa kipimo hicho, shilingi 60,000 ni bei ya haki, na nimekwisha kulipia mdogo wangu nafasi katika awamu ijayo.

Kwa watakaojiunga: malipo yanaweza kutolewa kwa awamu mbili, na risiti hutolewa bila kuombwa. Kuanzia Juni hadi Agosti chumba ni cha baridi sana, kwa hiyo mtu aje na koti zito au shuka, na chupa ya chai hairuhusiwi kuwekwa juu ya meza za kuandikia lakini inaruhusiwa chini ya kiti. Umeme ukikatika kuna taa mbili za sola zinazotosha kusoma ubaoni. Mvua zikianza mwezi Novemba, wahi uketi mstari wa mbele, kwa kuwa paa ni la bati lisilo na dari na sauti ya Mwalimu haivuki mstari wa tatu.